Fumbo la Chui na Mbuzi Lafungua Mlango wa Elimu ya Kompyuta

Mtu mmoja alifika ukingoni mwa mto akiwa na chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi uliokuwapo ulikuwa mdogo, nao haukuweza kumbeba ila yeye mwenyewe pamoja na kimoja tu kati ya vile vitatu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Je, atavukaje na mali yake yote ikiwa salama?

Fumbo hili hutegwa pwani na bara, na wazee walilijua kabla ya watoto wao. Huko Ulaya nalo ni la kale. Limo katika mkusanyo wa mafumbo ya Kilatini yaliyotungwa ili kuwanoa vijana akili, ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa ni kazi ya Alcuin, mwanachuoni wa baraza la mfalme Charlemagne, aliyefariki mwaka 804. Katika mkusanyo huo chui ni mbwamwitu na majani ni kabichi. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba mwaka 1979 wanachuoni wawili wa Marekani, John Hopcroft na Jeffrey Ullman, walipochapisha kitabu ambacho vyuo vikuu vingi duniani vilikuja kukitumia kufundishia misingi ya kompyuta, mfano walioutumia kuwafungulia wanafunzi somo la mashine ulikuwa huo huo wa mtu, mbwamwitu, mbuzi na kabichi.

Hawakufanya hivyo kwa mzaha. Elimu waliyokuwa wakiifundisha ina sehemu tatu: otomata, yaani mashine za mawazo zifuatazo kanuni, lugha za kanuni, yaani mafungu ya maneno ambayo mashine hizo huyakubali au kuyakataa, na ugumu wa ukokotozi, yaani kupima ni muda gani na ni kumbukumbu kiasi gani kinachohitajika ili swali lijibiwe. Ni elimu iliyo chini ya kila kompyuta na kila simu ya mkononi, lakini haikuzaliwa ndani ya kompyuta. Ilizaliwa kwa kalamu na karatasi, na sehemu yake kubwa bado yaweza kufundishwa kwa vitu hivyo hivyo, mezani nyumbani, baada ya sahani kuoshwa.

Msomaji asiyeamini na achukue karatasi sasa.

Mkosi wa fumbo la mto ni kwamba watu hulijibu kwa kubahatisha. Hujaribu hili, wakashindwa, wakajaribu lile, mwisho wakapata, na wakiulizwa walipataje hawawezi kueleza. Mwanafunzi wa otomata hufanya vingine. Huorodhesha hali zote zinazoweza kutokea. Mtu yuko ng'ambo hii au ile. Chui vivyo hivyo. Mbuzi vivyo hivyo. Majani vivyo hivyo. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 16. Basi ulimwengu mzima wa fumbo hili una hali 16 tu, wala hakuna ya kumi na saba. Kati ya hizo, sita ni za maafa, kwa kuwa mbuzi ameachwa na chui au ameachwa na majani bila mwenyewe kuwapo. Zinabaki hali kumi zilizo salama. Kila hali na iandikwe ndani ya duara, na kati ya duara na duara upigwe mstari pale ambapo safari moja ya mtumbwi yaweza kumtoa mtu katika hali hii na kumfikisha katika ile. Fumbo limegeuka kuwa ramani. Aliye na ramani habahatishi tena, bali hufuata njia kwa kidole kutoka duara la kuanzia hadi duara la mwisho, na ataona kwamba njia fupi kabisa ina safari saba, na kwamba njia za urefu huo ni mbili, wala si moja kama wengi wanavyodhani.

Ufunguo wake ni ile safari ambayo mtu aliyekwisha kumvusha mbuzi analazimika kumrudisha alikotoka. Watoto wengi hukwama hapo, kwani kurudi nyuma huonekana kama kushindwa. Ramani haina haya hiyo.

Kuna simulizi nyingine ya aina hii kutoka kwa Waila wa Zambia, iliyoandikwa na Edwin Smith na Andrew Dale katika kitabu chao kilichotoka mwaka 1920. Humo mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi, na mtumbwi hubeba kitu kimoja tu pamoja naye. Atakayeichora ramani yake atapata hali 32, lakini hatahitaji kufika mbali. Akimchukua mbuzi, panya atakula mahindi. Akiyachukua mahindi, chui atamla mbuzi. Akimchukua panya, chui atamla mbuzi vile vile. Akimchukua chui, mbuzi atakula mahindi. Katika duara la kwanza hakuna mstari hata mmoja utokao. Na jibu la Waila lilikuwa lipi? Yule mtu alifikiri kumwacha mmoja wa wanyama, akaona kwamba wote kwake ni kama watoto, basi akakaa pale pale alipo asivuke. Wapo waliolicheka jibu hili kama kioja. Ukweli ni kwamba ndilo jibu sahihi la kihesabu: swali halina suluhisho, na anayelijua hilo kwa hakika amepata elimu zaidi ya anayeendelea kujaribu hadi jioni.

Hapo ndipo ulipo moyo wa elimu hii yote. Haishughuliki na kutafuta majibu peke yake, bali hutenganisha maswali: lipi ni jepesi, lipi lahitaji kumbukumbu zaidi, lipi lina jibu lakini muda hautoshi, na lipi halitapata jibu kamwe hata kama mashine zote za dunia zikiunganishwa.

Mashine dogo kuliko zote yaweza kuelezwa kwa mfano wa askari wa lango. Askari huyu haruhusiwi kuandika, wala hana vidole vya kuhesabia. Ana vyumba vichache tu vya kumbukumbu, na kila wakati yumo katika kimoja. Kila jambo analoliona humtoa katika chumba kimoja na kumwingiza katika kingine kwa kanuni isiyobadilika. Hiyo ndiyo otomata yenye hali zenye kikomo. Mawazo yake yalianza mwaka 1943, Warren McCulloch na Walter Pitts walipotaka kueleza kwa hesabu jinsi mishipa ya fahamu inavyofanya kazi. Stephen Kleene akayapanga katika miaka ya 1950, na mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott wakayapa sura ambayo hufundishwa hadi leo.

Aonekane kuwa duni, lakini askari huyu ana uwezo wa kushangaza. Apewe vyumba vitatu tu, vyenye majina sifuri, moja na mbili, na asomewe tarakimu za namba yoyote moja baada ya nyingine. Kila tarakimu huijumlisha na jina la chumba alichomo, kisha huondoa tatu tatu mpaka kibaki kitu kisichofika tatu, na huingia chumba chenye jina hilo. Isomwe namba 4725. Anaanza katika sifuri. Asikiapo 4, yuko chumba cha moja. Asikiapo 7, moja na saba ni nane, akiondoa sita yuko chumba cha mbili. Asikiapo 2, yuko moja. Asikiapo 5, moja na tano ni sita, yuko sifuri. Namba imekwisha naye yuko sifuri: basi 4725 yagawanyika kwa tatu bila baki. Ikisomwa 4726 atamalizia chumba cha moja naye ataikataa. Namba yaweza kuwa na tarakimu elfu, ndefu kuliko barabara ya kambi, na askari mwenye vyumba vitatu hatatetereka. Mtoto wa darasa la tano aweza kuwa askari huyo sebuleni, akiruka kati ya mikeka mitatu huku ndugu yake akisoma tarakimu, na atakuwa amejifunza somo la chuo kikuu kabla ya kujua jina lake.

Sasa askari huyu apewe kazi nyingine, ambayo kwa macho ni rahisi zaidi. Asubuhi watu hutoka langoni mmoja mmoja. Jioni hurudi mmoja mmoja. Baada ya wa mwisho kurudi, askari aseme: wametimia, au hawakutimia. Apewe vyumba kumi, na achague mwenyewe kanuni zozote anazozitaka.

Hataweza. Tena si kwa uvivu wala kwa ujinga, na sababu yake yafaa isomwe polepole, kwa kuwa ni mfano mzuri wa jinsi jambo linavyothibitishwa kuwa haliwezekani. Waliotoka asubuhi waweza kuwa hakuna, au mmoja, au wawili, hadi kumi: hizo ni namna kumi na moja. Vyumba ni kumi. Namna kumi na moja zikiingia katika vyumba kumi, lazima namna mbili zikutane katika chumba kimoja. Ichukuliwe kwamba zilizokutana ni nne na tisa. Maana yake ni kwamba asubuhi, wakiwa wametoka wanne au wametoka tisa, askari amebaki katika chumba kile kile, wala ndani ya kichwa chake hakuna alama yoyote ya kutofautisha. Jioni wakirudi wanne, atatamka neno lile lile katika visa vyote viwili. Akisema hawakutimia, amekosa katika kisa cha kwanza. Akisema wametimia, basi katika kisa cha pili lango limefungwa na watu watano wako porini.

Aongezewe vyumba viwe mia. Watu mia waweza kumshinda. Viwe elfu, elfu watamshinda. Mtu wa kazi aweza kusema, na kwa haki, kwamba hakuna kikosi kisicho na idadi, na kwamba vyumba vikizidi idadi hiyo lango litalindwa vyema. Ni kweli. Lakini elimu hii huuliza habari ya kanuni moja itakayofaa kwa idadi yoyote, na kwa swali hilo kuongeza vyumba si dawa. Kinachohitajika ni kumbukumbu ya aina nyingine.

Nayo ni rahisi: rundo la mawe. Kila atokaye, askari aweke jiwe juu ya rundo. Kila arudiye, aondoe jiwe la juu. Wa mwisho akirudi na rundo likaisha sawasawa, wametimia. Mashine yenye rundo huona kitu cha juu peke yake, kama vile mwenye kuosha sahani asivyoweza kuichomoa ya chini bila kuziondoa za juu. Udhaifu huo mdogo ndio unaoifanya ifae kwa mambo yaliyofumbatana, kama mabano ndani ya mabano katika hesabu, au sentensi ndani ya sentensi. Mwaka 1956 Noam Chomsky, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alionyesha kwamba sarufi nazo zina vyeo, na kwamba mashine isiyo na rundo haitoshi kueleza ufumbatano huo. Mfano wake katika Kiswahili waweza kuwa huu: mbuzi ambaye chui ambaye askari alimpiga risasi alimrarua amekufa. Sikio linakataa, lakini sarufi inakubali: majina matatu yamewekwa juu ya rundo, na vitenzi vitatu vinayaondoa kuanzia la mwisho. Kichwa cha binadamu, yaonekana, kina rundo fupi.

Kwa neno lugha, hapa hapakusudiwi lugha rasmi ya serikali wala lugha ya kabila. Katika elimu hii lugha ni fungu lolote la maneno lenye kanuni ya kuyajua ya ndani na ya nje. Namba zote zigawanyikazo kwa tatu ni lugha. Siku zote ambazo waliotoka wametimia ni lugha. Neno la siri la lindo ni lugha yenye neno moja.

Rundo moja nalo lina kikomo. Askari akitakiwa athibitishe kwamba waliotoka asubuhi, waliopokea chakula mchana na waliorudi jioni ni idadi moja, na mambo hayo yakimpitia kwa mpangilio huo mara moja tu, mawe atakayoyatumia kulinganisha asubuhi na mchana yatakuwa yamekwisha jioni ikifika. Akipewa marundo mawili anaweza. Na hapa kuna ajabu ambayo hata wanafunzi wa vyuo huichelewa kuiamini: mashine yenye marundo mawili tayari ina uwezo wote wa kompyuta yoyote iliyopata kutengenezwa. La tatu haliongezi kitu isipokuwa urahisi.

Uwezo huo wote ulikwisha kuelezwa mwaka 1936 na Mwingereza Alan Turing, aliyezaliwa mwaka 1912, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta ya elektroniki mahali popote. Mashine yake ilikuwa ya mawazo: utepe wa karatasi usio na mwisho uliogawanywa miraba, na kichwa kinachosoma mraba mmoja, chaweza kufuta alama au kuandika nyingine, kisha kusogea hatua moja kushoto au kulia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Turing alifanya kazi Bletchley Park, katika juhudi za kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani yaliyofungwa kwa mashine iitwayo Enigma, juhudi ambazo wanahesabu wa Poland walikuwa wamezianza na kufanikiwa tangu mwaka 1932. Vitabu vya vita humsifu kwa hilo. Wanahesabu humsifu zaidi kwa karatasi ya mwaka 1936, kwa sababu ndani yake alithibitisha kwamba yako maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu.

Maarufu zaidi kati ya maswali ya jamii hiyo ni hili: mtu akipewa programu, aweza kujua kabla ya kuiendesha kama siku moja itasimama au itazunguka milele? Ichukuliwe kwamba yuko Hakimu, mashine isiyokosea, anayeweza kujibu hilo kwa programu yoyote. Basi fundi na atengeneze programu nyingine, aiite Mkaidi, yenye kazi moja: kumwuliza Hakimu habari yake yenyewe, kisha kufanya kinyume. Hakimu akisema, Mkaidi atasimama, Mkaidi huzunguka milele. Hakimu akisema, Mkaidi hatasimama, Mkaidi husimama papo hapo. Lolote atakalolisema Hakimu ni kosa. Kwa kuwa Mkaidi aweza kutengenezwa kwa urahisi mara Hakimu akiwapo, kinachobaki ni kwamba Hakimu hawezi kuwapo. Kwa hiyo muuzaji yeyote aletaye mashine ya kukagua programu zote za dunia bila kukosea hata mara moja, auza kitu kisichoweza kutengenezwa.

Baada ya hayo mtu aweza kudhani kwamba maswali yenye majibu yote ni mepesi. Bohari lina magunia matano yenye uzito wa kilo 47, 43, 32, 30 na 28, na malori mawili yanayotakiwa kubeba uzito ulio sawa. Njia ya haraka ambayo kila mtu huianza ni kushika gunia zito kwanza na kuliweka kila linalofuata katika lori lililo jepesi. Atakayeifuata ataishia na kilo 77 upande mmoja na kilo 103 upande wa pili. Lakini jibu lipo: 47 na 43 pamoja, na matatu yaliyobaki pamoja, kilo 90 kila lori.

Jambo la kuangaliwa hapa ni tofauti kati ya kulitafuta jibu na kulihakikisha. Akiambiwa jibu, hata mtoto aweza kujumlisha na kuthibitisha kwa muda mfupi. Kulitafuta ni habari nyingine. Magunia matano yana namna 16 za kugawanywa katika malori mawili. Magunia 20 yana namna 524,288. Kompyuta ijaribuyo namna milioni moja kwa sekunde itazimaliza katika nusu sekunde. Magunia 50 yana namna 562,949,953,421,312, na kompyuta ile ile itahitaji karibu miaka 18. Yakiwa 60, itahitaji zaidi ya miaka elfu 18. Akitokea mtu na kompyuta yenye kasi mara elfu, hajashinda vita. Ameongeza magunia kumi tu.

Lazima haki itendeke kwa swali lenyewe: kwa magunia ya kawaida yenye kilo zisizofika mia iko njia ya mkato, nayo ni kuandika katika jedwali kila jumla inayoweza kupatikana, gunia moja baada ya jingine. Jedwali halitakuwa refu sana, na lori litapakiwa kabla ya chai. Lakini uzito ukiandikwa kwa tarakimu nyingi, jedwali nalo hufura hadi lisiandikike. Njia ya haraka ifaayo kwa kila hali haijapatikana na mtu yeyote.

Mwaka 1971 Stephen Cook, akiwa Toronto nchini Kanada, alionyesha kwamba liko swali moja la mantiki ambalo likipatiwa njia ya haraka, basi kila swali ambalo jibu lake lahakikishwa haraka litapatiwa njia ya haraka vile vile. Leonid Levin wa Urusi ya Kisovieti alifikia jambo hilo kwa njia yake mwenyewe na kulichapisha mwaka 1973. Katikati ya hao, mwaka 1972, Richard Karp alitoa orodha ya maswali 21 yaliyoonekana kuwa hayana udugu, yote yakiwa kwa kweli ni swali moja lililovaa nguo mbalimbali. Kugawa magunia sawasawa limo. Limo pia swali la kama yuko mtu anayeweza kuzizungukia kambi zote zilizounganishwa kwa barabara, akipita kila kambi mara moja tu na kurudi alikoanza. Afisa ugavi na fundi wa ratiba za zamu, bila ya kujuana, wanapambana na mnyama mmoja.

Je, njia ya haraka ipo ila haijaonekana, au haipo kabisa? Mwaka 1956 mwanahesabu Kurt Gödel alimwandikia John von Neumann barua iliyouliza jambo la jamii hii, miaka 15 kabla ya Cook. Von Neumann alikuwa mgonjwa wa saratani, akafariki mwaka uliofuata, na barua haikujulikana sana hadi miaka ya 1980. Mwaka 2000 taasisi ya hesabu ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola milioni moja kwa kila mojawapo ya maswali saba makubwa ya hesabu, na hili likawa mojawapo. Mpaka sasa limejibiwa moja tu kati ya hayo saba, nalo si hili. Wataalamu wengi huamini kwamba njia haipo. Kuamini si kuthibitisha, na mwanafunzi aliyezoea ramani ya chui na mbuzi ataielewa tofauti hiyo vizuri kuliko aliyekariri.

Jambo hili si la wanachuoni peke yao. Usalama wa fedha zinazotumwa kwa simu na wa habari nyingi za siri hutegemea kwamba hesabu fulani ni nyepesi kwenda na nzito kurudi. Yeyote aweza kuzidisha 53 kwa 61 akapata 3233. Jirani aliyepewa 3233 peke yake, akaulizwa ni namba zipi mbili zilizozidishwa, atatoka jasho. Na namba zikiwa na mamia ya tarakimu, kompyuta za kawaida nazo hutoka jasho. Kufuli iliyotangazwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 imejengwa juu ya ugumu huo, ambao hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba utadumu.

Kwa mzazi atakayetaka kulileta somo hili nyumbani, neno moja la njia: asitoe jibu mapema. Walimu waliolifundisha kwa mafumbo wameona kwamba mtoto aliyeonyeshwa ramani iliyokamilika huisifu na kuisahau, bali aliyechora maduara kumi na sita kwa mkono wake, akakosea mawili, akayafuta, hawezi kuisahau. Penseli na kifutio vyatosha. Chakula kikiwa jikoni, mmoja awe mlinzi wa vyumba vitatu, mwingine msomaji wa tarakimu, na aliyebaki ahakikishe kwa kugawanya.

Na kwa atakayeyamaliza yote hayo, limebaki la yule mtu wa Waila. Mtumbwi wake ulibeba kitu kimoja pamoja naye, na kwa hiyo akabaki ukingoni. Je, ungebeba viwili? Chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi ni wale wale, na chui na ahesabiwe kuwa humla panya pia. Maduara ni 32 kama kwanza. Safari tatu zatosha, kwenda, kurudi na kwenda, lakini ziko jozi mbili tu za kuanza nazo zisizoacha maafa nyuma wala kuyapeleka mbele.